Kusadikika na Kufikirika: Kumpendekezea Msomaji Bunilizi za Kisayansi na Fantasia za Kiswahili

Ikisiri

Kumpendekezea msomaji kitabu ni kitendo ambacho wahakiki wa fasihi ya Kiswahili hukifanya mara kwa mara bila kukihesabu kuwa uhakiki. Makala haya yanakichunguza kitendo hicho kwa kumtazama msomaji mwenye kiu ya bunilizi za kisayansi na fantasia katika shule na maktaba za Kibaha na Kisarawe, mkoani Pwani. Hoja kuu ni kwamba kazi za namna hiyo zipo katika Kiswahili, ila mazoea yetu ya kuzisoma kama istiara tangu ukurasa wa kwanza yamezificha. Makala yanapendekeza kigezo cha kuzitenga kazi hizo kinachotokana na sarufi ya Kiswahili yenyewe, kisha yanatathmini kazi kadhaa na kueleza zisomwe kwa mfuatano gani na kwa nini.

1.0 Utangulizi

Katika kusimamia mazoezi ya kufundisha kwenye shule za Kibaha na Kisarawe, nimelisikia zaidi ya mara moja swali ambalo walimu wa Kiswahili hulijibu kwa shida. Mwanafunzi aliyekwisha kusoma kwa Kiingereza hadithi za safari za angani na za falme za wachawi humwomba mwalimu kitabu cha namna hiyo kilichoandikwa kwa Kiswahili. Majibu huwa mawili. La kwanza ni kwamba vitabu hivyo havipo. La pili ni kwamba asome Kusadikika ya Shaaban Robert, kwa sababu ina ujumbe kuhusu utawala mbaya. Jibu la kwanza si la kweli. La pili ni la kweli, lakini halijibu alichoulizwa mwalimu, kwani mwanafunzi hakuomba ujumbe. Ameomba nchi nyingine.

Mahali penyewe panalipa swali hili uzito. Shirika la Elimu Kibaha lilianza mwaka 1963 likiwa mradi wa pamoja wa Tanganyika na nchi za Nordiki, na lilikabidhiwa kwa serikali ya Tanzania mwaka 1970. Shule ya Sekondari Kibaha, iliyo chini yake, inafahamika kwa kupokea wanafunzi wenye vipaji maalumu, wengi wao wa masomo ya sayansi. Kwa miaka mingi mwanafunzi wa mkondo huo ameagana na somo la Kiswahili amalizapo kidato cha nne. Kwa hiyo Kufikirika ya Shaaban Robert na Kivuli Kinaishi ya Said Ahmed Mohamed, ambazo kwa muda mrefu zimekuwa miongoni mwa vitabu teule vya kidato cha tano na cha sita, humfikia mwenzake wa mkondo wa lugha na kumpita yeye. Kisarawe nako kuna Minaki, shule yenye asili ya chuo cha Misheni ya UMCA. Ni misheni hiyohiyo ya Edward Steere, ambaye mwaka 1870 alichapisha ngano za Unguja zenye paa anayesema na nunda mla watu. Fantasia iliyoandikwa si ngeni katika elimu ya sehemu hizi. Kilicho kigeni ni kuitambua kwa jina lake.

Maktaba nazo hazimsaidii sana msomaji huyu. Mfumo wa Dewey huipa fasihi yote ya Kiswahili namba moja, 896.392. Katika rafu inayofuata mfumo huo, riwaya ya chombo cha angani hukaa bega kwa bega na riwaya ya ndoa na ya ujambazi. Namba haiwezi kumwambia msomaji kilichomo. Kazi hiyo inabaki kwa mtu, na mtu huyo ni mwalimu au mhakiki. Ndiyo maana pendekezo linastahili kuhesabiwa kuwa tendo la uhakiki: huainisha, hutathmini na huamua kitu gani kisomwe kabla ya kingine.

2.0 Maajabu ya Wengine Juu ya Nchi Yetu

Kabla ya kutaja kazi za Kiswahili, yafaa kukumbuka kwamba bunilizi za ajabu za mataifa mengine zimekuwa zikiipitia nchi hii kwa muda mrefu. Mwaka 1863 Jules Verne wa Ufaransa alichapisha riwaya kuhusu majuma matano ndani ya puto. Puto hilo linaondokea Zanzibar, linavuka bahari hadi Mrima na kuelekea bara, njia ambayo lazima ipite juu ya nchi ya Wazaramo, yaani eneo ambamo Kibaha na Kisarawe zimo leo. Wasafiri wanaitazama nchi kutoka juu. Wenyeji ni wa kutazamwa tu, hawana sauti ya kusimulia. Hata hivyo Verne ana jambo la kutufunza: anaeleza kwa subira jinsi gesi ya puto inavyopashwa moto ili chombo kipande na kushuka bila kupoteza gesi wala uzito. Ajabu yake ina hesabu ndani yake.

Tafsiri za Kiswahili za kipindi cha ukoloni zilifuata mkondo huo. Mashimo ya Mfalme Suleimani, tafsiri ya Frederick Johnson ya riwaya ya Rider Haggard, ilitoka mwaka 1929, na Safari za Gulliver mwaka 1932. Kwa msomaji wa shule wa wakati huo, Kiswahili kilikuwa chombo cha kupokelea maajabu yaliyobuniwa kwingine, na katika riwaya ya Haggard Afrika yenyewe ndiyo ajabu.

Siku hizi maneno yetu yamesafiri upande wa pili. Uhura, afisa wa mawasiliano katika tamthilia ya televisheni ya Marekani Star Trek, iliyoanza mwaka 1966, alipata jina lake kutokana na neno uhuru. Filamu ya Wanuri Kahiu wa Kenya ya mwaka 2009, inayoonesha dunia iliyokaukiwa maji, inaitwa Pumzi. Binti, novela ya Nnedi Okorafor iliyotoka mwaka 2015 na kushinda tuzo za Hugo na Nebula, ina mhusika mkuu mwenye jina ambalo kila mzungumzaji wa Kiswahili analijua. Mwanafunzi wa Kibaha anayesoma Kiingereza hukutana na maneno ya lugha yake angani, kisha anaambiwa kwamba lugha yenyewe haina hadithi za anga. Hapo hupoteza zaidi ya kitabu kimoja: hujifunza kwamba Kiswahili ni lugha ya maadili na Kiingereza ni lugha ya kuwaza yasiyokuwapo.

3.0 Kigezo Kilichomo Katika Sarufi

Darko Suvin, katika kitabu chake cha mwaka 1979, alizibainisha bunilizi za kisayansi kwa mambo mawili yanayokwenda pamoja: ugeni wa ulimwengu unaosimuliwa, na uwezekano wa kuufuata ugeni huo kwa akili. Tzvetan Todorov, mwaka 1970, aliiweka fantasia katika kusita kwa msomaji baina ya maelezo ya kawaida na maelezo yasiyo ya kawaida. Aliongeza sharti ambalo halinukuliwi sana katika uhakiki wetu: ili kusita huko kuwepo, msomaji sharti akatae kulisoma tukio kama istiara.

Nadharia hizi zina manufaa, lakini Kiswahili kina kigezo chake, na aliyetupa ni Shaaban Robert kwa kuzipa riwaya zake majina. Kusadikika na Kufikirika ni vitenzijina vya kauli ya kutendeka. Kiambishi -k- katika kauli hiyo kina maana mbili zinazojulikana: hali iliyokwisha kutokea, kama katika kikombe kimevunjika, na uwezekano, kama katika njia inapitika. Katika majina haya mawili maana ya pili ndiyo inayotawala. Kusadikika ni sifa ya kitu kinachoweza kusadikiwa, na kufikirika ni sifa ya kitu kinachoweza kufikiriwa. Kusadiki humtaka msomaji akubali. Kufikiri humtaka afuatilie hatua kwa hatua.

Napendekeza tuitumie tofauti hii kuainishia. Fantasia ni masimulizi ya yanayosadikika: ukikubali sharti la mwanzo, kwamba yupo jini au mfu aliyefufuka, mengine yote yanafuata. Bunilizi za kisayansi ni masimulizi ya yanayofikirika: sharti la mwanzo lenyewe laweza kuulizwa limewezekanaje. Sidai kwamba Shaaban Robert alikusudia mgawanyo huu. Kwa kipimo hiki riwaya zake zote mbili ni fantasia. Ninachodai ni kwamba lugha inatupatia jozi ya maneno ambayo mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuielewa bila msaada wa Suvin.

Kigezo hiki kinatatua pia tatizo ambalo Todorov hakulikabili. Kusita kwa msomaji wake kunamhitaji mtu asiyeamini majini. Katika vijiji vingi vya Kisarawe, kama kwingineko pwani, habari za mizimu na majini husimuliwa kama habari, tena kwa kutaja mti na njia panda. Msomaji aliyelelewa humo hasiti mahali ambapo msomaji wa Paris angesita. Kinachosadikika hutegemea jamii ya msomaji, na mpendekezaji anapaswa kujua msomaji wake anasadiki nini kabla ya kumwambia kwamba kitabu fulani ni cha ajabu.

4.0 Mapendekezo na Tathmini

Kwa msomaji wa mkondo wa sayansi, kitabu cha kwanza kiwe Walenisi ya Katama Mkangi (1995). Dzombo anahukumiwa kifo na watawala wa nchi yake, na njia ya kumuua ni kumtia katika chombo kinachorushwa angani. Badala ya kufa anafika Walenisi, ambako watu wanaishi kwa usawa. Jina la mahali hapo ni sentensi nzima iliyogandishwa kuwa neno: wale ni sisi. Kionyeshi cha mbali na nafsi ya kwanza wingi vinakutanishwa na kiungo ni, na umbali wa nyota unafutwa na sarufi. Hii ndiyo kazi iliyo karibu zaidi na bunilizi za kisayansi kati ya zote ninazozitaja. Hata hivyo tusimdanganye msomaji. Mkangi alikuwa mwanasosholojia, na sayansi anayoishughulikia ni ya jamii. Anayetaka kujua chombo kinaendeshwaje, kama Verne anavyoeleza puto lake, hatatosheka, na mijadala ya Walenisi mara nyingine huwa mirefu kuliko matukio. Aambiwe mapema kwamba mtambo unaofafanuliwa humu ni jamii.

Cha pili kiwe Kusadikika (1951), lakini kisomwe kwa namna ambayo shule haijazoea. Mwanafunzi aambiwe aichukulie nchi hii kama nchi kweli, inayoelea hewani kama wingu. Karama, aliyeshtakiwa na waziri Majivuno, anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Tukiusoma mpangilio huu kijiografia, jambo moja kubwa linajitokeza: kwa mwenyeji wa Kusadikika, ardhi yetu ni nchi ya ng'ambo. Mjumbe wa ardhini anashuka kuja kwetu kama msafiri wa Verne anavyoshuka Afrika, ila safari hii anayetazama kutoka juu anasimulia kwa Kiswahili. Mhakiki anayekimbilia kusema kwamba Kusadikika ni Tanganyika ya kikoloni anaupoteza mgeuko huo, kwa sababu anaishusha nchi kabla mjumbe hajashuka. Udhaifu upo pia. Majina kama Karama na Majivuno humfichulia msomaji tabia za wahusika kabla hawajatenda, na hotuba ni nyingi. Msomaji aliyezoea mashaka ya hadithi ayatafute katika safari, asiyatafute katika nafsi za wahusika.

Baada ya hapo mwanafunzi wa sayansi apewe kile ambacho mwenzake wa mkondo wa lugha tayari anacho. Kivuli Kinaishi (1990) ni tamthilia inayotupeleka Giningi, kwa Bi Kirembwe anayewatawala watu kwa kuwalevya akili. Giningi haikubuniwa na mwandishi peke yake: katika imani za Zanzibar ni makao ya wachawi yasiyoonekana kwa macho ya kawaida. Said Ahmed Mohamed amechukua mahali ambapo tayari panasadikiwa na kupajengea serikali. Msomaji wa Kisarawe ataingia humo bila kuongozwa, na huenda akamfafanulia mwalimu wake mengi.

Babu Alipofufuka (2001) ya mwandishi huyohuyo ifuate. Mhusika wake, K, ni mtu mwenye cheo anayejiwa na babu yake aliyekwisha kufa. Mzuka hauji kutisha watoto. Unakuja kudai hesabu. Kwa msomaji anayejua kwamba wahenga wana haki juu ya walio hai, tukio hili linasadikika kabla ya kuwa mbinu ya kisanaa, na ukali wa riwaya unatoka hapo: aliyefufuka ana haki ya kuuliza, na K hana jibu.

Bina-Adamu! (2002) ya Kyallo Wadi Wamitila inamfaa msomaji anayependa safari. Msimulizi anazunguka dunia iliyogeuzwa kijiji, akimtafuta P.P. anayesemekana kushika hatamu za kijiji hicho. Ni kitabu cha kasi na cha dhihaka. Kasoro yake ni kwamba msimbo unafumbuka upesi mno, na msomaji akishaufumbua, mandhari yanabaki kama vibao vya ishara. Ziraili na Zirani (1999) ya William Mkufya inakwenda mbali zaidi, hadi katika ulimwengu wa wafu, malaika na mashetani, na kuligeuza suala la imani kuwa vita. Impe kitabu hiki msomaji anayeweza kustahimili kuona jambo analolisadiki kwa dhati likitumiwa kama uwanja wa bunilizi. Mwalimu asiyejua msimamo wa mwanafunzi wake asianze na kitabu hiki.

Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi ziwe za mwisho. Ni fupi kwa kurasa, na ufupi huo huwadanganya walimu wakampa mwanafunzi anayeanza. Katika riwaya hizi mantiki ya njozi inatawala hata ngazi ya sentensi. Msomaji aliyepita katika vitabu vilivyotangulia atakuwa amejifunza kukaa ndani ya jambo geni bila kudai tafsiri yake mara moja. Asiyepita huko hukimbilia mwongozo wa mtihani.

Kwa msomaji mdogo ziko tafsiri mbili za hadithi ya Lewis Carroll: Elisi Katika Nchi ya Ajabu ya Conan-Davies (1940) na Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu ya Ida Hadjivayanis (2015). Zikisomwa sambamba ni darasa la isimu pia, kwa kuwa mchezo wa maneno wa Carroll hautafsiriki bila kubuniwa upya. Katika orodha yote hii Hadjivayanis na Conan-Davies ndio wanawake pekee, nao wameingia kama wafasiri. Hilo ni pengo la orodha yangu, na ni pengo la utanzu kwa kadiri ulivyotambuliwa na uhakiki hadi sasa.

5.0 Pingamizi

Pingamizi la kwanza ni kwamba kuzisoma kazi hizi bila istiara ni kuwasaliti waandishi wake. Shaaban Robert aliandika chini ya ukoloni. Mkangi aliwahi kuwekwa kizuizini wakati wa utawala wa Moi. Chombo kinachomchukua mpinzani kwenda kufa hakiwezi kuwa chombo tu. Nakubali. Lakini istiara ina miguu miwili, na mmoja ni kisa chenyewe. Msomaji ambaye hakukaa ndani ya chombo na Dzombo, akiwa na hofu ya kutojua kinakwenda wapi, ataupokea ujumbe wa kizuizini kama taarifa. Aliyekaa humo ataupokea kama jambo lililompata. Ninachotetea ni mfuatano: kisa kwanza, istiara baadaye. Kuipanga istiara iwe ya pili hakuipunguzii nguvu.

Pingamizi la pili ni kwamba tunakuza orodha kwa kuazima kazi za tanzu nyingine. Uhakiki wetu umekwisha kuziita baadhi yake riwaya mpya, na baadhi kazi za uhalisiajabu. Majina hayo hayapingani na pendekezo hili. Yanaeleza mbinu na kipindi, na yaliundwa na wahakiki kwa ajili ya wahakiki. Msomaji anauliza jambo lingine: kitabu hiki kitanipeleka wapi? Kazi moja yaweza kuwa na majibu mawili kwa maswali mawili. Na ili tusizidishe madai, nimesema wazi kwamba ni Walenisi pekee inayokaribia bunilizi za kisayansi kwa maana kamili. Nyingine ni fantasia. Kiswahili kina utajiri wa yanayosadikika na uhaba wa yanayofikirika, na uhaba huo hautaondoka kwa kuupa jina zuri.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba msomaji anayeambiwa hakuna bunilizi za ajabu kwa Kiswahili amenyimwa kitu kilichopo, na kwamba kilichomnyima ni mazoea yetu ya kuuliza dhamira kabla ya kuuliza mahali. Marekebisho hayahitaji mtaala mpya. Mwalimu wa Kibaha au Kisarawe anaweza kuanza kipindi cha Kusadikika kwa kuwataka wanafunzi wachore nchi hiyo, waoneshe iko umbali gani kutoka ardhini, na waeleze mjumbe alishukaje. Maktaba inaweza kutenga rafu moja ndogo na kuibandika maneno mawili, kusadikika na kufikirika, bila kuibadilisha namba ya Dewey iliyo mgongoni mwa kitabu. Wahakiki tunaweza kuandika mapendekezo yanayotaja ubora na udhaifu wa kila kazi, ili msomaji atuamini tena atakapouliza mara ya pili.

Uhaba wa yanayofikirika hautaondolewa na uhakiki, ila na waandishi. Baadhi yao huenda ni wanafunzi wa fizikia na baiolojia wa leo, wanaojua chombo kinaendeshwaje lakini hawajui kwamba Dzombo aliwahi kupanda kimoja kwa Kiswahili. Kumpa mmoja wao Walenisi, na kumwambia kwa uaminifu ni nini ambacho Mkangi hakukieleza, ni kumwonesha mahali ambapo kazi yake inaweza kuanzia.